Mapenzi Yana Sababu Zake

Hakuna jambo ambalo watu hulizungumza sana na kulichunguza kidogo kama mapenzi. Vibarazani, katika magenge ya kahawa, katika shughuli za harusi na hata kwenye foleni ya maji, habari ya nani kampenda nani haikosi wasikilizaji. Lakini ukiuliza kwa nini fulani kampenda fulani, na kamwacha jirani yake aliye mzuri zaidi, utapewa jibu moja katika matatu: ni bahati, ni moyo tu, au amerogwa. Majibu yote matatu yana tabia moja. Humfunga mtu asifikiri zaidi.

Sisi tunaona kwamba jambo linalojenga nyumba na kuvunja nyumba halistahili kuachiwa majibu ya namna hiyo. Kijana anayesema kwamba moyo wake haumdanganyi huposa kwa pupa, na mwaka haujaisha anatafuta talaka. Msichana aliyeweka akiba kidogo kutokana na kuuza maandazi huipeleka kwa mganga ili anunue limbwata. Na mwanamume aliyekataliwa, akiwa ameshika imani kwamba mvuto anaouona ndani ya nafsi yake ni hati ya kumiliki mtu mwingine, huishia kutenda jeuri. Mambo haya matatu yamo katika miji yetu na yamo katika vijiji vyetu, na mzizi wake ni mmoja: kutojua mvuto wenyewe ni kitu gani na unatoka wapi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kuchunguza mapenzi ni utovu wa haya. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyezaliwa mwaka 994 na kufariki mwaka 1064, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa sheria za dini, na bado aliona inafaa kuandika, yapata mwaka 1022, kitabu kizima juu ya mapenzi, Tawq al-Hamama, yaani Kidani cha Njiwa. Humo alizitaja alama za mtu aliyependa, akawagawa wapendao mafungu: wapo wanaopenda kwa kusimuliwa sifa tu, wapo wanaopenda kwa kutazama mara moja, na wapo wasiopenda ila baada ya kuzoeana kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alijihesabu katika fungu hili la mwisho, na aliwastaajabia wale wanaodai kupenda kwa mtazamo mmoja. Ikiwa mtu wa elimu na uchaji kama yule hakuona aibu kuuliza, sisi hatuna sababu ya kuona.

Dhana ya pili ni kwamba mapenzi ya kuvutana ni kasumba iliyoletwa na sinema kutoka ng'ambo, na kwamba wahenga wetu hawakuyajua. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa elimu ya mila za wanadamu, William Jankowiak na Edward Fischer, walitangaza matokeo ya kupekua kumbukumbu za jamii 166 za kila pembe ya dunia. Katika jamii 147 walikuta ushahidi wa mapenzi ya namna hiyo. Yaliyo tofauti ni malezi na kanuni zinazoyaongoza. Mapenzi yenyewe ni mali ya wanadamu wote, wala hakuna taifa lililoyauza kwa taifa jingine.

UKARIBU NA MAZOEA

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamefanya kazi kubwa katika miaka mia hii iliyopita kutafuta sababu za mvuto, na sababu ya kwanza waliyoikuta ni nyepesi hata inachekesha. Ni ukaribu. Mwaka 1932 James Bossard alichapisha uchunguzi wa hati 5,000 za ndoa zilizoandikishwa katika mji wa Philadelphia, Marekani. Alikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wachumba hao walikuwa wakikaa umbali usiozidi mitaa mitano baina yao. Mji ule ulikuwa na watu karibu milioni mbili, na bado mtu alimpata mwenziwe wa maisha karibu na mlango wake.

Baadaye, mwaka 1950, Leon Festinger na wenzake walieleza yale waliyoyaona katika nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo kimoja cha ufundi cha Massachusetts. Waliwauliza wakazi marafiki zao ni akina nani. Miongoni mwa waliokaa ghorofa moja, asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana, asilimia 22 ya waliotengwa na mlango mmoja, na asilimia 10 tu ya waliokaa ncha hii na ncha ile. Huo ulikuwa urafiki wala haukuwa uchumba, lakini mlango wa uchumba mara nyingi ni ule ule wa urafiki. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ukaribu hufanya kazi kwa njia gani? Kwa mazoea. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akionyeshwa kitu tena na tena, hata kama ni neno asilolijua maana au picha ya mtu asiyemfahamu, huanza kukipenda kuliko kile alichokiona mara moja. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wa Pittsburgh waliwatuma wanawake wanaokaribiana sura wakae darasani bila kusema na mtu yeyote. Mmoja alifika mara 15, mwingine mara 10, mwingine mara 5, na mmoja hakufika kabisa. Mwishoni wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, kadiri mwanamke alivyokuwa amefika mara nyingi ndivyo alivyoonekana wa kuvutia zaidi, ingawa wengi hawakuweza kukumbuka kama wamepata kumwona.

Hapa msomaji atajionea mwenyewe kwa nini ndoa nyingi huzaliwa vyuoni, viwandani, katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa na katika masoko. Ataona pia kwamba simu ya mkononi imeleta aina mpya ya jirani. Mtu asiyekaa mtaani mwetu, na pengine asiye na jina la kweli, aweza kuleta picha na salamu asubuhi na jioni mpaka moyo ukamzoea kana kwamba amekulia uani petu. Matapeli wanalijua jambo hili vyema. Hawahitaji hirizi, maana mazoea yanawatosha.

Lakini mazoea nayo yana mpaka. Mwaka 1891 Edvard Westermarck wa Finland aliandika kwamba watu waliolelewa pamoja tangu utotoni kwa kawaida hawavutani kimapenzi. Joseph Shepher alilithibitisha hilo mwaka 1971 katika vijiji vya ujima vya Israeli, ambako watoto wasio ndugu walilelewa katika nyumba moja ya watoto. Katika ndoa 2,769 alizozichunguza, karibu hakuna hata moja iliyofungwa baina ya watu waliolelewa pamoja mfululizo tangu uchanga. Mazoea ya ukubwani huwasha, na mazoea ya utotoni hujenga udugu.

KUFANANA, SURA NA MARINGO

Sababu ya pili ni kufanana. Watu hupenda kusema kwamba vinyume huvutana, na sumaku hutajwa kuwa shahidi. Mwanadamu si sumaku. Theodore Newcomb wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alieleza habari za wanafunzi wasiojuana waliopewa nyumba wakae pamoja. Siku za kwanza mtu alimpenda aliyekaa naye karibu. Wiki zilivyopita, urafiki ulihama taratibu kuelekea kwa wale wenye fikra na maoni yanayolingana. Ukaribu hufungua mlango, na kulingana kwa nia ndiko kunakomfanya mgeni akaribishwe kukaa. Ndege wenye mbawa sawa huruka pamoja.

Na uzuri wa sura je? Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba sura haina kazi. Mwaka 1966 Elaine Walster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaalika wanafunzi 752 kwenye dansi, wakawaambia kwamba kompyuta imewachagulia wenzi wanaowafaa. Kwa hakika walipangwa kwa kubahatisha. Wakati wa mapumziko waliulizwa kama wamewapenda wenzi wao. Akili haikutabiri jibu, tabia haikutabiri jibu. Kitu kilichotabiri ni uzuri wa sura peke yake. Basi hivyo ndivyo mtu anavyohukumu baada ya saa mbili au tatu za muziki.

Lakini tazama anavyohukumu mtu huyo huyo anapofikiria nyumba. Mwaka 1989 David Buss alitoa matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 10,000 katika jamii 37, zikiwamo Zambia na Nigeria hapa Afrika, juu ya sifa wanazotaka kwa mwenzi wa maisha. Ulikuwapo mgawanyiko: wanaume walitaja ujana na sura zaidi kuliko wanawake, na wanawake walitaja uwezo wa kutunza nyumba zaidi kuliko wanaume. Hata hivyo, jinsia zote mbili ziliweka wema na akili juu ya sura na juu ya mali. Kumbe mtu anajua anachokihitaji. Tatizo ni kwamba usiku wa dansi hakiulizi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sababu ya tatu ni kuona kwamba unapendwa. Hakuna kivutio kama kujua kwamba mtu unayemheshimu anakutazama kwa jicho la kheri. Baadhi ya makungwi na masomo walifundisha kwamba mwanamke aringe ili athaminiwe. Walster na wenzake walilipima jambo hilo pia, na walipotangaza matokeo yao mwaka 1973 walikiri kwamba majaribio yao ya mwanzo yote yaliwaangusha: maringo matupu hayakumpandisha mwanamke thamani. Jaribio la mwisho likawapa jibu. Wanaume walimpenda zaidi mwanamke ambaye ni mgumu kwa wengine lakini kwao ameonyesha kwamba anawaridhia. Maana yake ni kwamba mtu anataka kuchaguliwa, na achaguliwe na mwenye kuchagua. Bibi zetu walilijua hili, ndiyo sababu kanga ikawa na maneno: mtu haliambii soko zima, lakini mlengwa anasoma.

MOYO UNAPOKOSEA ANWANI

Tunafika sasa katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, kila kijana anapaswa kulijua kabla ya kuandika barua ya posa. Mwili unaweza kuwaka kwa sababu moja, na akili ikaupachika moto huo sababu nyingine.

Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio karibu na Vancouver, Kanada, penye daraja la kamba la Capilano. Daraja hilo lina urefu wa mita 137 hivi, linayumba, na chini yake kuna bonde la kina cha mita 70. Msichana mmoja aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakilivuka, akawauliza maswali, kisha akawapa namba yake ya simu iwapo wangetaka maelezo zaidi. Jaribio hilo hilo lilifanywa kwenye daraja jingine pana, imara na la chini. Katika wanaume 18 waliopokea namba kwenye daraja la hatari, 9 walipiga simu. Katika 16 waliopokea namba kwenye daraja la salama, walipiga 2.

Msichana alikuwa wa aina ile ile na maneno yake yale yale. Tofauti ilikuwa mapigo ya moyo. Mtu aliyetetemeka kwa hofu alidhani anatetemeka kwa mahaba. Hesabu za jaribio lile zilikuwa ndogo, lakini wengine walilifuatilia. Mwaka 1981 Gregory White na wenzake waliwafanya wanaume wakimbie mahali pamoja kwa dakika mbili kabla ya kumtazama mwanamke katika filamu. Waliokimbia walimpenda zaidi yule aliyependeza, na yule asiyependeza walimchukia zaidi kuliko walivyomchukia wale ambao hawakukimbia sana. Hivyo msisimko hauumbi mvuto mahali pasipo na chembe yake. Msisimko ni upepo: hupuliza kile kilichopo.

Basi na tujiulize ni ndoa ngapi zimeamuliwa juu ya daraja linaloyumba. Kuna mapenzi yaliyozaliwa katika shangwe za mpira, katika safari ndefu ya basi bovu, katika msiba, katika siku za kugombana na wazazi. Hatusemi kwamba mapenzi hayo ni ya uongo. Tunasema kwamba aliyependa darajani angoje ashuke, akanyage nchi kavu, kisha aangalie tena.

Na kungoja huko kuna kipimo chake. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, walichunguza damu ya watu 20 waliokuwa wamependa karibuni. Walikuta badiliko fulani linalofanana na lile la wagonjwa wanaosumbuliwa na wazo moja lisilowatoka kichwani. Walipowapima tena baadhi yao baada ya miezi 12 hadi 18, badiliko lile lilikuwa limekwisha. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini unalingana na yale ambayo kila mwenye nyumba anayajua: homa ile ya mwanzo hushuka. Lugha yetu ilikwisha kuzitenganisha hali hizi. Ashiki ni moto, mahaba ni utamu wa kuwa pamoja, na upendo ni kutakiana kheri hata siku isiyo na utamu. Robert Sternberg alipoandika mwaka 1986 kwamba mapenzi kamili yana nguzo tatu, yaani shauku, ukaribu wa nafsi na azma ya kudumu, alikuwa akieleza kwa lugha ya chuo kikuu jambo ambalo Mswahili anaweza kulielewa bila mkalimani.

WAJIBU WETU

Kutokana na haya yote, tunayo machache ya kuwaambia wahusika.

Kwa vijana: mvuto ni habari, wala si hukumu. Unakwambia kwamba fulani yuko karibu, mmefanana, anapendeza, amekutazama vyema, au kwamba siku hiyo damu yako ilikuwa ikienda mbio. Haukwambii kama ni mkweli, kama atamtunza mgonjwa, wala kama ataheshimu jasho lako. Hayo huulizwa kwa njia nyingine, nayo ni muda na kuuliza waliomjua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla. Siku hizo ziliwekwa ili mwenye pingamizi alitoe. Hakuna kinachowazuia wachumba wenyewe kuzitumia kujihoji.

Kwa wazazi: msidhani kwamba kwa kuwa mvuto si hukumu basi hauna haki. Ni kweli kwamba mwaka 1982 Usha Gupta na Pushpa Singh walieleza juu ya wanandoa 50 wa Jaipur, India, wakaona kwamba katika ndoa zilizopangwa na wazazi mapenzi yaliongezeka kwa miaka, huku katika ndoa za kuchaguana yakipungua. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2012, uliofanywa na Pamela Regan na wenzake miongoni mwa Wahindi waishio Marekani, haukuona tofauti baina ya aina hizo mbili. Kwa hiyo asije mzazi akashika karatasi moja kuwa kisingizio cha kumlazimisha mwanawe. Kupanga ni jambo moja na kulazimisha ni jambo jingine. Sheria yetu hiyo hiyo ya mwaka 1971 inasema ndoa ni ridhaa ya wawili, na ridhaa iwe huru. Tena, Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mtoto hana mizani ya kupimia mvuto wake mwenyewe, sembuse wa mtu mzima aliyemjia na mahari.

Kwa waliokataliwa: sababu zilizokuwasha wewe ziko ndani yako na katika mazingira yako. Mwenzio hakukuandikia deni. Anaposema hataki, hakuna kilichoibwa, na mwenye kunyanyua mkono kwa sababu ya kukataliwa ni mhalifu kama wahalifu wengine, hata akijiita mpenzi.

Na kwa wenye kuuza limbwata hatuna ushauri ila kuwataja kwa kazi yao. Wanachuma jasho la wanyonge kwa kuwauzia kitu ambacho ukaribu, wema na kusikilizana hutoa bure. Wake kwa waume wanaodaiwa fedha ili wapendwe na waelewe kwamba hakuna kilichofungwa ndani ya kitambaa kinachoweza kufanya kazi ya salamu ya kila siku.

Tunawasihi walimu, wazee wa mitaa, masomo na viongozi wa vijana walizungumze jambo hili waziwazi, kwa adabu na bila kejeli, katika mafundisho ya unyago na jando, katika mikutano na majumbani. Tunawafunza vijana kupima ardhi kabla ya kujenga na kuonja maji kabla ya kuchimba kisima. Hakika tunaweza kuwafunza pia kuupima moyo kabla ya kuupa mtu funguo za nyumba.